Sahani za Komandoo

Kwa miaka arobaini na moja mume wangu amekuwa akihesabu sahani baada ya kula. Tukiwa wawili, anahesabu mbili. Tukiwa na wageni kumi na wawili siku ya Idi, anasimama kwenye karai la vyombo na kuzigusa moja moja kwa kidole mpaka zitimie. Tulipooana nilidhani ni ubahili. Nilimwuliza kama kwao Maneromango wanawake huiba sahani. Akacheka, na kesho yake akahesabu tena. Nikaona isiwe taabu, nikalifanya jambo hilo utani wa nyumba, na binti yetu Nuria akakua akijua kwamba baba yake ana kasoro mbili tu: anahesabu sahani, na ukoko hali.

Jina lake ni Hemedi, lakini ukija kumtafuta kwa jina hilo utarudi ulikotoka. Picha ya Ndege kule Kibaha, tulikoishi zaidi ya miaka thelathini, na hapa Kisarawe tulikohamia nilipostaafu ualimu, uliza nyumba ya Komandoo. Hata kadi za harusi zinazoletwa kwangu zimeandikwa Mama Komandoo, kana kwamba mimi sikuzaliwa na jina. Mimi ni Mwalimu Maua. Nasema mapema kwa sababu habari hii inanihusu kuliko ninavyopenda.

Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, Hemedi alikuwa mgambo wa miaka ishirini na moja. Alikwenda, na aliporudi mwaka uliofuata alirudi na hadithi. Kombania yao ilikuwa imekwama kwenye ukingo wa mto uliofurika, adui yuko ng'ambo, mvua inanyesha. Yeye akavua viatu, akajifunga kamba kiunoni, akaogelea, akaifunga kamba ile kwenye mti wa upande wa pili, na wenzake wakavuka wakiwa wameishika. Basi, hadithi ni hiyo tu. Aliisimulia vizuri kwa sababu hakuitia chumvi.

Hadithi hiyo ilimpa kazi ya ulinzi katika shule niliyokuwa nikifundisha Kibaha. Ikampa na mke. Sitaki kujifanya: nilikuwa na wachumba wawili wenye vyeti vizuri kuliko yeye, nikamchagua mwenye kamba.

Nilifundisha historia, na kila Julai, Siku ya Mashujaa ilipokaribia, nilimwita Hemedi darasani. Aliingia na sare yake ya ulinzi, akasimama mbele ya ubao, akasimulia. Watoto walikaa kimya, jambo ambalo mimi na chaki yangu hatukuliweza. Nikipiga hesabu, watoto zaidi ya elfu mbili wameisikia hadithi ile, mimi nikiwa nimesimama pembeni kama mwenye mali.

Mmoja wao alikuwa Godbless, mtoto wa mama muuza vitenge wa Picha ya Ndege. Alikuwa darasa la tano, mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko daftari. Siku ile alichora mtu ana kamba kiunoni, akaniletea. Nilimpa kumi juu ya kumi ingawa halikuwa somo la kuchora.

Mwaka juzi nilisikia kwamba Godbless anatengeneza michezo ya kompyuta. Nilisikitika kidogo, maana nilimtarajia awe mhandisi, na sikujua kwamba kazi ile nayo ina uhandisi wake. Mwezi wa tano mwaka huu alitupigia simu, akaja Kisarawe na kompyuta mgongoni, akatuamkia wote wawili kwa adabu ile ile ya darasa la tano. Mchezo wake ulikuwa wa vita vya Kagera. Mchezaji anapewa ramani na vikosi, anaviongoza kutoka mpakani mpaka ndani ya Uganda, akikosea anarudishwa nyuma. Alitaka Siku ya Mashujaa auonyeshe kwa watu Kibaha.

Kijana alijivunia ukweli wa kazi yake, na alikuwa na haki. Alikuwa amesoma vitabu, ameongea na wazee, amepata hata rangi ya malori. Kofia zilikuwa zenyewe. Vilima vilikaa mahali pake. Alitusikilizisha mlio wa saba saba, ile mizinga ya roketi, na mume wangu akashika ukingo wa kiti. Michezo mingi ya vita, Godbless alisema, inajaa uongo: mtu mmoja anaua jeshi zima, bunduki haziishiwi risasi. Wa kwake ungekuwa wa kweli. Alichokuwa amebakiza ni karatasi moja tu, ya kuonyesha kwamba mpiganaji aliyekuwepo ameuhakiki, na Komandoo aitie sahihi.

Hemedi akavaa miwani. Alielekezwa namna ya kuviongoza vikosi, akashika haraka kuliko nilivyotegemea. Askari wake wadogo wakatoka Mutukula, wakaelekea Masaka, wakafika kabla chai yangu haijapoa. Akawarudisha. Akawapeleka tena. Mara ya tatu akavua miwani.

"Hawa wanakula nini?" aliuliza.

Godbless akaeleza kwamba chakula alikuwa amekifikiria, lakini kinapunguza kasi, mchezaji anachoka. Mume wangu, mtu anayeweza kumaliza siku kwa maneno ishirini, akafunguka kama bomba lililopasuka. Kombania ya watu mia na kumi na wanane, alisema, ni kilo sitini za unga kwa siku ukibana. Maharage yanalowekwa tangu jana, la sivyo hayaivi. Moto unawashwa kabla hakujapambazuka na unazimwa jua likichomoza, kwa sababu moshi ukionekana mzinga unaufuata. Kuni mbichi ni kifo. Sufuria moja inabebwa na watu wawili kwa mti mabegani, nayo haikimbii. Kwa hiyo kombania haiwezi kukimbia kuliko sufuria yake, labda iwe inakwenda kufa.

Godbless aliandika yote kwa furaha, akauliza Komandoo ameyajuaje mambo ya jikoni kwa undani hivyo. Hemedi alisema kila mtu aliyajua. Niliangalia mikono yake. Ilikuwa inakoroga hewa, polepole, mikono miwili, kama ameshika mwiko mkubwa.

Ndipo Godbless akamwonyesha zawadi aliyoiweka mwisho. Mchezaji akifika mto uliofurika, anatokea askari maalumu anayeitwa Komandoo Hemedi. Sura ilikuwa ya mume wangu, imechukuliwa kwenye picha ya zamani niliyomtumia Godbless mimi mwenyewe kwa simu. Anaogelea na kamba, hachoki, hali, na ng'ambo anaua maadui thelathini peke yake. Godbless alikiri kwamba hao thelathini amewaongeza yeye. Mume wangu aliangalia mpaka mwisho, akasema anakwenda kuona mbuzi. Hatuna mbuzi.

Karatasi haikutiwa sahihi siku ile. Kwa siku tatu Hemedi alikula nusu chakula na kuhesabu sahani. Siku ya nne asubuhi tulikuwa shambani nyuma ya nyumba, tunapalilia mihogo, akaniambia bila kuinua kichwa.

"Mwalimu, mimi sikuwa komandoo. Nilikuwa jikoni."

Kabla ya vita aliwahi kuosha vyombo na kupika katika mgahawa mmoja wa mtaa wa Gerezani, mjini. Afisa alipouliza nani anajua kupika, akanyoosha mkono, kwa njaa tu, akidhani mpishi hula kwanza. Akapika miezi mitano. Mwenye kamba alikuwa mwingine, kijana wa Ifakara anayeitwa Castory, aliyekulia kwenye maji ya Kilombero na kuogelea kama anatembea. Mto ule ni yeye aliyeuvuka. Kila jioni alikuja jikoni kuomba ukoko, akakaa kando ya sufuria akiutafuna, na kwa malipo akasimulia tena namna maji yalivyokuwa ya baridi. Hemedi alikuwa ameisikia hadithi ile mara nyingi mpaka ikawa na ladha mdomoni mwake.

Sahani za kombania zilikaa jikoni, za bati, kila moja na alama iliyokwaruzwa kwa msumari na mwenyewe. Ya Castory ilikuwa na samaki. Watu walikuja, kila mmoja akachukua yake. Siku moja karibu na Masaka walitoka asubuhi, wakarudi jioni, wakapanga foleni, wakapakuliwa. Foleni ikaisha. Mezani zikabaki sahani tisa. Hakuna aliyekuja kumwambia mpishi nani amekufa, mpishi alijionea. Ya juu katika zile tisa ilikuwa na samaki, na ukoko haukuja kuombwa.

Aliporudi Maneromango wanawake walimpokea kwa vigelegele, na mjomba wake akamwuliza mbele ya watu wote alifanya nini huko. Aliniapia kwamba alifungua mdomo aseme alipika. Ikatoka kamba. Alidhani ataisema siku ile tu.

Sasa niseme mimi nilifanya nini. Sikumwonea huruma. Nilipandwa na hasira hata jembe likaniponyoka. Nilimwambia amenifanya mwongo mbele ya watoto elfu mbili. Nilimwambia kumbe nimeolewa na marehemu wa Ifakara, na yeye nimemlea bure. Yapo na mengine, siyaandiki. Aliokota jembe langu, akaliweka kivulini, akaendelea kupalilia mstari wangu.

Siku mbili sikusema naye. Nilikuwa nikiosha vyombo kwa kelele, kama tufanyavyo tukitaka mtu ajue. Lakini kichwani nilikuwa nagombana na mwingine. Mwanafunzi angeniletea insha kama ile, ningeijaza wino mwekundu: mto gani? Tarehe gani? Nani mwingine alikuwepo? Mlikula nini? Mimi niliyewafundisha watoto kuuliza, mume wangu sikumwuliza hata swali moja, kwa sababu hadithi ilinipendeza na ilikuwa imelala kitandani kwangu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi kata nilikuwa nayo ndani ya nyumba, nikawa nainywea maji tu.

Jioni ya pili nilimaliza kula kabla yake, nikasimama mlangoni. Akaleta sahani yake, akainama kwenye karai, akagusa yangu, akagusa yake. Moja, mbili. Miaka arobaini na moja ya utani wangu ikanirudia yote kwa mara moja: kwao wanaiba, anaogopa nitauza, mwangalieni bwana stoo. Kumbe alikuwa akihakikisha tumerudi wote. Nililia pale pale mlangoni, na sikuona aibu.

Tuliongea sana baada ya hapo. Kilichomtesa si mchezo, ni sura. Mpaka sasa hadithi ilikuwa ya mdomo, na maneno ya mdomo huchakaa. Mchezo ungeingia kwenye simu za watu na kukaa humo, Hemedi akiwa ameuvuka mto, na Castory hajapata kuwepo popote. Mume wangu hakulijua hata jina la baba yake Castory. Alimpikia miezi mitano asimwulize. Lakini pia alikuwa na miaka sitini na saba, na jina moja tu ambalo watu walimheshimu nalo.

"Nikisema, nitaitwa nani?" aliniuliza.

Nilimwambia sijui. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo.

Tukaenda Picha ya Ndege kabla ya Julai. Godbless amepanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukutani alikuwa tayari amebandika tangazo, Komandoo Hemedi na kamba yake, urefu wa mlango. Mume wangu alikaa ameligeuzia mgongo, akasema yote, kuanzia Gerezani mpaka sahani tisa. Alisema vibaya, akirudia rudia, si kama alivyokuwa akisimulia darasani. Kweli yake hakuwahi kuifanyia mazoezi.

Godbless aliangalia tangazo lake ukutani. Kisha akatuomba, kwa heshima kabisa, tuache kama ilivyo. Tangazo limeshatoka, wageni wamealikwa, na hadithi haimdhuru mtu kwa kuwa mwenyewe alikwisha kufa. Akaongeza kwamba hakuna kijana atakayecheza mchezo wa mpishi. Akanigeukia mimi, mwalimu wake, nimsaidie. Nakiri kwamba kwa pumzi moja hivi nilitamani kumsaidia. Ningerudi Kisarawe nikiwa Mama Komandoo, karatasi ingetiwa sahihi, na nani angejua.

Hemedi hakusubiri nichague. Alisema, "Mjukuu wangu, umetafuta rangi ya malori mpaka ukaipata. Huyu mtu alikuwa na rangi pia."

Godbless akainamisha kichwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ile picha ya darasa la tano bado anayo, na kwamba ndiyo iliyomfanya aanze kazi hii. Niliyemharibia alikuwa mimi, nikamwomba radhi, mwalimu kwa mwanafunzi wake, na si rahisi kama inavyoandikika.

Siku ya Mashujaa ilipita bila mchezo. Godbless alirudi Kisarawe mara tano na daftari, akakaa na mume wangu uani, wakipimana unga na maji, mpaka siku moja wakawasha moto wa kuni mbichi makusudi ili aone moshi unavyopanda, na jirani akaja mbio akidhani tunaungua. Mwezi wa tisa akauonyesha, katika ukumbi mdogo wa Kibaha wenye viti vitupu vingi. Wa kwanza kujaribu alikuwa Fadhila, karani wa ofisi ya ardhi, mchezaji hodari kwa maelezo yake mwenyewe. Akawakimbiza askari wake kuelekea Masaka, jiko akaliacha nyuma. Siku ya pili wakaanza kutembea polepole, siku ya tatu wakakataa kusimama. Fadhila akalalamika kwamba mchezo umeharibika. Watu kadhaa wakaunga mkono, wawili wakaondoka. Sitawadanganya kwamba wote waliupenda.

Mara ya pili akalisubiri jiko, akaufikia mto. Aliyejitokeza na kamba alikuwa kijana mwembamba mwenye sura ambayo hakuna aliyewahi kupiga picha yake. Godbless aliichora kwa maelezo ya Hemedi. Aliogelea, akafunga kamba, wenzake wakavuka. Hakuua mtu. Chini paliandikwa Castory, wa Ifakara, basi, kwa kuwa zaidi ya hapo hatujui. Baada ya mapigano hapakutokea alama za ushindi. Lilitokea jiko jioni, na foleni, na foleni ilipoisha, meza yenye sahani zilizobaki. Mume wangu akainuka kwenye kiti chake, akaenda mbele ya watu, akagusa kioo kwa kidole, moja moja, mpaka tisa. Ya juu ilikuwa na samaki. Ukumbi mzima ulimsubiri amalize.

Majirani wa Kisarawe wameambiwa, na yeye mwenyewe. Wengine wamemcheka, mmoja amemwita mwizi wa marehemu, na hilo lilimuuma, na mimi liliniuma zaidi. Wengi bado wanamwita Komandoo kwa mazoea. Akiwarekebisha wanadhani ni unyenyekevu.

Tuliporudi nyumbani siku ile ya Kibaha nilisonga ugali, nikauacha ushike chini. Ukoko niliung'oa mzima, nikauweka kwenye sahani ya tatu, nikaiweka mkekani katikati yetu. Aliiona. Alikula chakula chake. Tulipomaliza aliinama kwenye karai akagusa moja, akagusa mbili, kisha akairudia ya tatu mkekani na kukaa nayo mkononi. Nilidhani atawapa kuku kama siku zote. Akauvunja ukoko ule vipande viwili, akanipa nusu, akatafuna nusu yake taratibu mpaka ukaisha, akaiosha sahani mwenyewe na kuiweka juu ya zile mbili.

"Tatu," akasema. "Zimetimia."